Nguzo Ardhini: Historia ya Banda la Shambani Marekani



Ukitoka mjini na kushika barabara ya mashamba katika majimbo ya katikati ya Marekani, iwe Missouri, Indiana, Iowa au Minnesota, hutakwenda mbali kabla ya kuliona banda la bati. Ni refu, paa lake lina miteremko miwili, kuta zake ni za bati lenye mikunjo, na mlango wake unatosha kupitisha trekta. Wenyeji wanaliita banda la nguzo, kwa sababu linasimama juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, bila msingi wa mawe wala wa matofali. Miongoni mwetu wapo waliojaliwa kununua ekari chache nje ya mji, wakafuga mbuzi na kulima mchicha na mahindi, na jengo la kwanza walilolihitaji lilikuwa hilo hilo.

Wengi wetu tukiliona tunacheka kidogo. Kwetu nyumba ya mtu anayejiheshimu ni ya mawe, au angalau ya tofali za saruji. Nguzo za kuchimbia chini ni za banda la kuku, au za mtu ambaye bado hajajaliwa. Tena yapo mawazo yaliyozoeleka kwamba anayejenga kwa nguzo na fito hakukusudia kukaa. Anajishikiza tu, kesho atahama. Nataka tuyachunguze mawazo hayo kwa njia ya historia, kwa sababu banda hili dogo lina ukoo mrefu kuliko linavyoonekana, na ukoo huo unatugusa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya tunavyodhani.

Shimo, nguzo na bati

Tuanze na ujenzi wenyewe. Mafundi hupima kwanza mstatili wa banda kwa vigingi na kamba. Kuhakikisha pembe zimenyooka, hupima futi 3 upande mmoja wa pembe na futi 4 upande wa pili. Mshazari unaounganisha ncha hizo lazima uwe futi 5 kamili. Kisha hupima mishazari miwili ya jengo zima, kona hadi kona. Ikilingana, kazi inaendelea. Isipolingana, kamba zinasogezwa, maana kosa la inchi mbili hapo chini litamsumbua fundi mpaka siku ya kuezeka.

Baadaye huchimbwa mashimo, mara nyingi kila baada ya futi 8. Kina cha shimo huamuliwa na baridi. Udongo wenye maji ukiganda hufura na kusukuma juu kilichomo ndani yake. Nguzo isiyoshuka chini ya mahali baridi inapofika hunyanyuliwa kidogo kila mwaka, mpaka milango ikatae kufunga na paa lipinde. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi ushuke inchi 60 katika kaskazini ya jimbo na inchi 42 katika kusini yake. Chini ya shimo huwekwa bamba la zege ili uzito wa paa na theluji usiididimize nguzo. Nguzo husimamishwa, hunyooshwa kwa timazi, huegemezwa mbao za muda, kisha shimo hufukiwa na kushindiliwa. Mbao za kulala hupigiliwa kutoka nguzo hadi nguzo, kenchi hupandishwa, papi hufuata, na mwisho mabati.

Tazameni uchumi wa jambo hili. Nguzo moja inafanya kazi tatu. Ni msingi, kwa kuwa uzito unateremka kwayo mpaka kwenye zege. Ni ukuta, kwa kuwa kila kinachozuia upepo kimepigiliwa kwayo. Na ni nanga, kwa kuwa paa limefungwa kwayo, na yenyewe imeshikwa na ardhi, hivyo dhoruba inayotaka kulinyanyua paa hukuta inanyanyua na udongo. Kuta hazibebi kitu; unaweza kufungua upande mzima ukapitisha mashine bila kuogopa kuangukiwa na paa.

Waliotangulia

Banda la zamani la Marekani, lile la karne ya 18 na 19 linalochorwa kwenye kalenda, halikujengwa hivi. Lilisimama juu ya msingi wa mawe, na magogo yake mazito yalichongwa ulimi na tundu yakaungwa kwa vigingi vya mti. Kulinyanyua kulihitaji watu wengi kwa siku moja, kama msaragambo wa kwetu. Waamish wa Pennsylvania na Ohio wanaendelea na desturi hiyo mpaka leo. Lakini mkulima asiye na jamaa wengi, wala fundi wa kuchonga, wala mawe karibu, hakuwa na njia ya kupata banda la namna hiyo.

Wala si Wazungu walioanza kusimamisha nguzo katika nchi hii. Ng'ambo ya mto Mississippi, ukitazamana na mji wa St. Louis, upo mji wa kale wa wenyeji wa Marekani unaoitwa Cahokia, ambao ulistawi sana yapata mwaka 1100 na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1982. Mwaka 1961, wakati barabara kuu ilipotaka kupitishwa hapo, wachimbaji walikuta mashimo makubwa yaliyopangika kwa duara. Mtaalamu Warren Wittry alitambua kwamba yalikuwa mashimo ya nguzo, na kwamba nguzo hizo huenda zilitumika kufuatilia mahali jua linapochomoza kwa majira. Miti yenyewe ilikwisha kutoweka zamani. Yalibaki mashimo.

Kusini ya hapo, katika mji wa Ste. Genevieve, Missouri, Wafaransa walijenga nyumba kwa nguzo zilizosimamishwa wima ndani ya ardhi, moja kando ya nyingine, na nafasi zilizo baina yake zikazibwa. Chache kati ya nyumba hizo zilizojengwa karibu na mwaka 1800 zingali zimesimama.

Waingereza nao walipofika Jamestown, Virginia, mwaka 1607, walijenga kwa nguzo. Kwa karne ya 17 yote, karibu kila mtu wa Virginia na Maryland, tajiri kwa maskini, aliishi katika nyumba ya nguzo zilizochimbiwa. Sababu ilikuwa tumbaku. Tumbaku ilikula nguvu kazi yote, na ilichosha ardhi upesi mpaka shamba likabidi lihamishwe. Maradhi yaliua watu wangali vijana. Kutumia miaka kadhaa kuchonga mawe kulionekana ni kupoteza mali. Nguzo ikioza ilibadilishwa, au nyumba iliachwa ikajengwa nyingine.

Humo humo waliingizwa Waafrika. Wa kwanza wanaojulikana walifikishwa Virginia mwezi Agosti 1619, wakitokea Ndongo, katika nchi inayoitwa Angola leo. Wao na watoto wao waliotiwa utumwani waliishi katika vibanda vya nguzo vilivyo dhaifu kuliko vya mabwana zao. Vibanda hivyo karibu vyote vimetoweka juu ya uso wa ardhi.

Hapa ndipo shimo la nguzo linapopata heshima yake. Mtu akichimba shimo, akasimamisha nguzo na kulifukia, udongo aliourudisha umekwisha changanyika, hauwi tena na rangi ya udongo wa pembeni. Nguzo nayo ikioza inaacha doa jeusi katikati. Miaka mia tatu baadaye, mtaalamu akikwangua udongo wa juu kwa mwiko, doa lile bado lipo, na mstari wa madoa unamwonyesha ukuta ulipopita, mlango ulipokuwa, na chumba kilikuwa na upana gani. Watu wengi waliamini kwamba boma la Jamestown lilikwisha kumezwa na mto. Timu ya William Kelso iliyoanza kuchimba mwaka 1994 ililipata kwa kufuata madoa ya boma la miti. Mwaka 2010 wakapata mashimo makubwa ya nguzo za kanisa la mwaka 1608, ambamo binti Pocahontas aliolewa na John Rolfe mwaka 1614. Na kwa njia hiyo hiyo wataalamu wamezitambua nyumba za watumwa ambao hakuna karatasi iliyoandika makazi yao.

Tuongeze neno moja kuhusu wale "wasiokusudia kukaa". Jumba la Sotterley katika jimbo la Maryland lilianza kujengwa mwaka 1703 kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini. Liliongezwa vyumba na kurekebishwa mara nyingi, na mpaka leo limesimama. Aliyelijenga alianza kwa njia rahisi ya wakati wake, na waliomfuata wakaendeleza.

Miaka ya shida

Banda la nguzo la namna tunayoiona leo lilizaliwa katika miaka ya 1930. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka tangu miaka ya 1920, na Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukammalizia mkulima. Wakati huo huo mashine zilikuwa zikichukua nafasi ya farasi, na mashine zinahitaji sakafu pana isiyo na nguzo katikati. Mkulima alitaka jengo kubwa zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Wanaotajwa sana katika historia hii ni H. Howard Doane, mwanzilishi wa shirika la kusimamia mashamba lenye makao St. Louis, na Bernon Perkins aliyefanya kazi naye. Badala ya nguzo zinazooza upesi, walitumia nguzo zilizotiwa dawa, za aina ile ile ya nguzo za umeme na simu. Perkins alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1953, lakini shirika lao lilieneza ujuzi huo badala ya kuuficha, na mkulima yeyote aliweza kuufuata.

Nguzo hizo zilikuwa zinapatikana kwa sababu nyingine. Katikati ya miaka ya 1930, ni shamba 1 tu kati ya 10 nchini Marekani lililokuwa na umeme. Mwezi Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kupeleka umeme vijijini, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1936. Wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, wakakopeshwa fedha na serikali, wakasimamisha nguzo maili kwa maili. Kijijini palijaa watu waliojua kuchimba shimo refu jembamba, kusimamisha nguzo na kuinyoosha. Ujuzi wa kupitisha waya na ujuzi wa kujenga banda ulikuwa karibu kitu kimoja.

Bati nalo lina safari yake. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hati ya kukunja bati mwaka 1829. Bati jembamba likikunjwa mawimbi linakuwa gumu, linavuka nafasi kubwa bila kuinama. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kulipaka chuma zinki lisishike kutu. Ni bati hilo hilo lililovuka bahari likaondoa makuti juu ya nyumba za babu zetu.

Adui wa nguzo

Nguzo haiozi chini kabisa, ambako hewa ni haba, wala juu, ambako inakauka. Huoza pale inapokutana na uso wa ardhi, mahali penye maji na hewa kwa pamoja. Kwetu hapo ndipo mchwa anapoanzia pia. Kwa hiyo historia ya banda la nguzo ni historia ya kuilinda futi moja hiyo.

Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hati ya kushindilia kreosoti, mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, ndani ya mti kwa mgandamizo. Reli ziliifuata njia hiyo kwa mataruma yake, kisha simu, kisha umeme. Mwaka 1933 Mhindi Sonti Kamesan akagundua mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki unaoupa mti rangi ya kijani hafifu. Dawa hiyo ilienea dunia nzima, na nguzo nyingi za umeme zinazotoka misitu ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania zinatiwa dawa ya namna hiyo.

Hapa kuna tahadhari kwa wenye mashamba. Arseniki ni sumu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2003 viwanda vya Marekani viliacha kuuza mbao zenye dawa hiyo kwa matumizi mengi ya nyumbani, ingawa nguzo za mabanda ya shambani ziliruhusiwa kuendelea. Banda la zamani linaweza kuwa nazo. Mbao hizo zisichomwe kamwe, hata kuota moto, kwani sumu inabaki katika moshi na majivu; wala zisitumike kuzungushia tuta la mboga.

Mashimo ya Shanga

Sasa turudi kwetu. Kwa muda mrefu, katika karne ya 20, watafiti waliokuja pwani ya Afrika Mashariki walitazama mawe. Waliona misikiti, makaburi na majumba ya matumbawe ya Kilwa, Gedi na Manda, na wengi wao wakahitimisha kwamba miji hii ililetwa na wageni kutoka ng'ambo ikiwa imekamilika. Mswahili aliambiwa kwamba mji wake haukuanza kwake.

Kati ya mwaka 1980 na 1988, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, nchini Kenya. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti mingine, na chini ya hiyo alikuta mashimo ya nguzo: misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya mwishoni mwa karne ya 8. Pembeni yake palikuwa na nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji vya aina inayopatikana pia bara. Mji wa mawe uliota juu ya mji wa nguzo, hatua kwa hatua, mahali pale pale. Waliojenga kwa miti hawakuwa wapita njia.

Hata jumba la mawe halikuachana na mti. Upana wa chumba cha Lamu au Unguja ni mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kuubeba dari bila kupinda. Watu wa Lamu wana majina ya kila unene, kuanzia fito na pau, kupitia mazio na boriti, mpaka nguzo. Miti hiyo ilipakiwa majahazini ikapelekwa Arabuni, na wasomaji wetu walioko Maskati, Kuwait na Bahrain wakiinua macho katika nyumba za kale za huko wataiona darini. Wenyeji wanaiita chandal. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kikuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na akaandika jinsi mabaharia walivyopakia boriti kwenye matope ya delta ya Rufiji. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti hiyo nje mwaka 1982, kwa kuwa mikoko ilikuwa inakwisha.

Tunapojenga hapa

Nimeyaeleza haya kwa sababu ya mazungumzo yanayorudi kila tunapokutana harusini au msibani. Ndugu anajinyima miaka ishirini, anatuma fedha nyumbani, anasimamisha nyumba ya matofali ambayo haijalaliwa na mtu, na huku anaishi kama abiria kituoni: hapandi mti, hajiungi na chama, hajui jina la jirani. Ukimuuliza, anasema huku ni kwa muda tu. Simlaumu kwa kupakumbuka kwao. Ila anaihesabu nyumba ya mawe kuwa ndiyo maisha, na maisha anayoyaishi kila siku anayahesabu kuwa banda.

Historia haimuungi mkono. Watu wa Shanga waliswali katika msikiti wa miti kabla ya kupata uwezo wa mawe, na waliozaliwa baadaye waliujenga wa mawe palepale, kwa sababu mahali palikwisha kuwa pao. Mkulima wa Missouri aliyesimamisha banda la nguzo kwa sababu hakuwa na fedha aliwaachia watoto wake shamba lenye banda. Na wale waliotiwa utumwani Virginia, ambao hawakupewa hata haki ya kuchagua mahali pa kukaa, tunajua leo kwamba waliishi na kupika na kulea watoto, kwa sababu ya madoa meusi kwenye udongo.

Mwenye ekari zake tano asiogope kuanza na banda. Aulize ofisi ya ujenzi ya kaunti yake kuhusu kibali na kina cha baridi, anunue nguzo zilizotiwa dawa inayofaa kwa kuchimbiwa, aite vijana wa jumuiya Jumamosi moja, apike pilau ya kuwatosha. Shimo lichimbwe mpaka kina kinachotakiwa, hata kama mikono imechoka, kwa sababu sehemu hiyo haitaonekana tena na ndiyo itakayobeba kila kitu.